Uzi: Tunaowaombea wapendwa wetu waliopoa katika imani, tukutane hapa

Nyota ya Bahari (mleta uzi)

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu.

Naandika usiku, nimetoka kusali na rozari bado iko mkononi. Mwanangu wa kwanza ana miaka 31. Alibatizwa akiwa mchanga, akapokea Komunyo ya Kwanza, akapata Kipaimara, akatumikia altareni mpaka kanzu ikawa inamfika magotini. Huu ni mwaka wa saba hajakanyaga kanisani. Hajahamia kwingine, wala hana ugomvi na padre yeyote. Nilipomwuliza mara ya kwanza alinijibu kwa upole kabisa: "Mama, nikiwa mle ndani sisikii kitu tena." Upole ule ndio ulioniumiza. Angefoka ningejua pa kuanzia.

Nimefungua uzi huu nieleze jinsi nilivyomwombea vibaya kwa miaka mingi, maana naamini siko peke yangu.

Kila Jumapili saa sita mchana nilikuwa namtumia ujumbe: "Umeenda Misa?" Mwanzoni alijibu, "Hapana mama." Baadaye akawa anajibu jioni. Baadaye tena naona tu kwamba ameusoma, basi. Nikahamia kwenye mahubiri, masomo ya siku, picha za watakatifu. Siku moja nikapekua mazungumzo yetu tangu mwanzo wa mwaka, navuta juu, navuta juu, na kila nilichoandika ni cha dini. Hakuna hata mahali pamoja nilipomwuliza ameamkaje.

Na sala zangu zilikuwa za namna ile ile. Nilikuwa napiga magoti ili nimshtaki. "Bwana, mtazame mtoto huyu asivyo na shukrani. Mtikise. Mpe funzo." Ndiyo, niliomba mwanangu apewe funzo. Kisha siku moja nilikwenda kuungama mambo mengine kabisa, hili nikaligusia kwa kupita. Padre akaniuliza jambo moja: "Mama, unapomwombea, unamwona ana uso gani?" Nikakaa kimya, maana uso niliokuwa nauona ulikuwa wa mshtakiwa. Kitubio alichonipa ni Salamu Maria tatu, nizisali nikimkumbuka mwanangu siku aliyokuwa na furaha kuliko zote. Nikamkumbuka akiwa na miaka sita, ana pengo mbele, anacheka mpaka anakaa chini. Zile Salamu Maria tatu zilinichukua karibu nusu saa.

Toka hapo nikarudi kusoma habari za Mtakatifu Monika, safari hii taratibu. Sote tunamjua kama mama wa machozi. Alikuwa mwanamke wa Afrika ya Kaskazini, wa mji wa Thagaste, ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria. Mumewe Patricius hakuwa Mkristo, tena alikuwa na hasira za haraka. Alibatizwa mwishoni mwa maisha yake. Mwanawe Augustino, aliyezaliwa mwaka 354, akiwa na miaka kama 19 alijiunga na Wamanikei, kundi la dini lililofundisha kwamba nuru na giza ni nguvu mbili zinazopigana, akakaa nao miaka tisa hivi. Akaishi na mwanamke bila ndoa, wakapata mtoto, Adeodatus.

Kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwenye mahubiri yoyote ni hiki: Monika naye alianza kwa kufunga mlango. Augustino mwenyewe anaandika katika kitabu chake, Maungamo, kwamba mama yake alikataa kukaa naye nyumba moja na kula naye meza moja, kwa jinsi alivyochukizwa na mafundisho yale. Kilichomrudisha mtoto mezani ni ndoto. Monika aliota amesimama juu ya ubao wa kupimia, analia. Kijana anayeng'aa akamjia, akamwuliza analia nini. Akasema analilia upotevu wa mwanawe. Yule kijana akamwambia atulie, atazame vizuri: alipo yeye, ndipo alipo na mwanawe. Akatazama, akamwona Augustino amesimama kando yake juu ya ubao ule ule. Alipomsimulia, Augustino akajaribu kuigeuza: labda maana yake wewe mama ndiye utakayekuja kwangu. Monika akajibu papo hapo: hapana, sikuambiwa "alipo yeye ndipo ulipo wewe", niliambiwa "ulipo wewe ndipo alipo yeye."

Baada ya ndoto ile akamruhusu kurudi mezani. Na angalieni, Augustino alikuwa bado hajabadilika hata kidogo. Miaka mingi ilikuwa bado mbele.

Halafu kuna yule askofu. Monika alimwendea akamsihi aketi na mwanawe, ampe hoja, amnyoshe. Askofu akakataa. Akasema kijana yule bado hafundishiki, mwache huko aliko, wewe mwombee tu. Atasoma mwenyewe na kuona kosa liko wapi. Yeye mwenyewe alikuwa amelelewa kwa Wamanikei akatoka bila kubishana na mtu. Monika hakutosheka, akazidi kulia na kumng'ang'ania, mpaka askofu akachoka kidogo akamwambia aende zake, kwa maana haiwezekani mtoto wa machozi kama haya apotee.

Maneno hayo ya mwisho tunayanukuu kila tarehe 27 Agosti, sikukuu ya Monika. Ushauri uliotangulia, wa kunyamaza na kuomba, hatuupendi sana.

Karibuni mchangie. Mnawaombeaje wenu?

Jiwe la Hekalu

Milele amina, mama. Umenigusa pabaya.

Wangu ni mume. Tulifunga ndoa kanisani, naye ndiye aliyenifundisha kusali Malaika wa Bwana saa sita mchana. Alipofiwa na mdogo wake aliacha kila kitu. Hanizuii kwenda, ila nikirudi anaondoka sebuleni.

Nitawaambia aliyenisaidia. Yuko mwanamke wa Ufaransa aliyeitwa Élisabeth Leseur, aliyezaliwa mwaka 1866. Mumewe Félix alikuwa msomi wa udaktari, hamwamini Mungu, na alijitahidi kumwondolea mkewe imani, hata akampa vitabu vya kuipinga. Élisabeth alivisoma, akaona vilivyo vyepesi, akarudi kwa Mungu kwa nguvu kuliko mwanzo. Lakini hakufungua mashindano nyumbani. Aliamua kutobishana naye juu ya dini. Alikuwa mke mchangamfu, akapokea wageni wa mumewe waliodhihaki imani yake, na maumivu ya ugonjwa wake akayatoa kimya kimya kwa ajili yake. Alifariki mwaka 1914 bila kuona chochote.

Félix alipokuta daftari lake la kumbukumbu za kiroho, ndipo alipojua kwamba miaka yote ile alikuwa anaombewa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akarudi kwenye imani. Akaingia shirika la Wadominikani, na mwaka 1923 akapewa daraja la upadre.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilikasirika, nasema ukweli. Nilijiambia, kwa hiyo mpaka nife? Sasa naiona kwa jicho jingine. Kwenye 1 Petro 3:1 imeandikwa kwamba mume asiyeamini anaweza kuvutwa kwa mwenendo wa mkewe "pasipo lile neno." Nilikuwa nimejaa lile neno. Nikirudi Misa siku hizi naingia, namsalimia, namwuliza habari ya mpira. Hata mpira siupendi. Wiki hii hakuondoka sebuleni.

Mti Kandokando

Bwana asifiwe. Naomba niseme kitu, mkinikosoa nitapokea.

Mimi ni mmoja wa hao mnaowaombea. Nilikuwa Mkatoliki, nikaokoka katika kanisa jingine miaka tisa iliyopita. Nasoma Biblia kila siku, nafunga, namwomba Yesu yule yule. Lakini mama yangu akinitazama ananitazama kama maiti. Kwenye sherehe ya familia alisimama kusali akasema, "na mwanangu aliyepotea," mbele ya wanangu. Mwanangu mdogo akaniuliza, "Baba, ulipotea wapi?" Sikuwa na la kumjibu.

Msiniweke kapu moja na asiyeamini kabisa. Ndilo ombi langu.

Nyota ya Bahari (mleta uzi)

Mwanangu, asante kwa kuja kusema haya hapa. Pole kwa sala ile. Sala inayosikika kwa aliyetajwa kama kofi haijamfikia Mungu ikiwa safi, na nasema hivyo kwa sababu nami nimezisali. Katekista yuko humu, naomba aniongezee, nisije nikakosea mafundisho.

Katekista Mstaafu

Niko hapa. Ndugu Mti Kandokando, Kanisa lenyewe halitaki uwekwe kapu moja na wasioamini. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1964 juu ya umoja wa Wakristo, unawatambua waliobatizwa na kumwamini Kristo kuwa ndugu katika Bwana, walio katika ushirika fulani na Kanisa Katoliki hata kama haujakamilika. Huyo mwanao mwambie hukupotea mikononi mwa Yesu.

Lakini sitakuficha, kwa sababu kukuficha ni kutokuheshimu. Mama yako anaamini kwamba Ekaristi ni Mwili na Damu ya Bwana kweli kweli. Anayeamini hivyo hawezi kuona kiti chako kitupu bila kuumia. Analilia meza. Alikosea mahali na maneno, ila kidonda chake ni cha kweli kama chako. Mngekaa wawili, bila watoto, ukamwambia lile swali la mwanao kama ulivyotuambia sisi.

Kwa wengine humu: ubatizo unaacha alama ya kiroho isiyofutika. Katekisimu namba 1272 inasema hakuna dhambi inayoifuta. Kwa hiyo unapomwombea mtoto aliyebatizwa humwombei mgeni. Mlango wake haujawahi kubadilishwa kufuli.

Mti Kandokando

Nimekuelewa, mzee wangu. "Analilia meza." Hilo sikuwahi kulifikiria. Nitamtafuta.

Siku ya Tatu

Wakuu, tupeni na sala zenyewe. Mimi natumiwa kila mara ujumbe wa "sali novena hii siku tisa, sambaza kwa watu 20, mtoto wako atarudi hakika." Nimesambaza mpaka basi. Dada yangu bado.

Katekista Mstaafu

Hiyo ya kusambaza iache leo leo. Kudhani kwamba sala inafanya kazi kwa hesabu ya watu uliowatumia, bila kujali moyo, ni ushirikina, na Katekisimu imeonya jambo hilo kwenye namba 2111. Hakuna novena inayomlazimisha Mungu, na Mungu naye hamlazimishi dada yako. Imani ikilazimishwa si imani tena. Ndiyo maana kumwombea mtu huchukua muda: unaomba neema, na neema inabisha hodi tu.

Sasa sala. Ya kwanza kabisa ni Misa. Wengi wanajua kuomba Misa kwa marehemu tu, wakati sheria ya Kanisa, kanuni ya 901, inamruhusu padre kutolea Misa kwa ajili ya yeyote, aliye hai au aliyekufa. Nenda ofisi ya parokia, andikisha nia kwa ajili ya dada yako. Kama huna sadaka ya kutoa, mweleze padre. Sheria hiyo hiyo inawahimiza mapadre kutolea Misa kwa nia za waamini, hasa maskini, hata bila sadaka. Na si lazima nia isomwe kwa maelezo ya kumfedhehesha mtu. Jina linatosha, au "kwa nia ya familia" kama hutaki hata jina.

Hapo kuna kosa moja ninalokutana nalo mara kwa mara: watu wanafanya masharti ya rehema kamili, yaani kufutiwa adhabu ya muda ya dhambi zilizokwisha kusamehewa, wakidhani wanampa mtoto aliye hai. Rehema haitolewi kwa mtu mwingine aliye hai. Unaweza kujipatia mwenyewe au kuwaombea marehemu. Kwa walio hai tuna Misa, sala, mfungo, na matendo ya huruma.

Rozari ya Huruma ya Mungu watu wanaisali saa tisa alasiri, saa aliyokufa Bwana. Ila fungueni na novena yake iliyoandikwa na Mtakatifu Faustina, inayoanza Ijumaa Kuu. Kila siku ina kundi lake. Siku ya nne ni ya wasiomjua Mungu. Ya tano ni ya waliojitenga na Kanisa. Ya tisa, ya mwisho, ni ya roho vuguvugu. Kijana wa mama mleta uzi ambaye "hasikii kitu" ana siku yake pale, ameshatengewa nafasi.

Na katika rozari ya kawaida, Matendo ya Furaha, tendo la tano: Maria na Yosefu wanampata Yesu hekaluni. Wazazi, tulieni hapo. Luka anasema walidhani yumo katika msafara, wakaenda mwendo wa siku nzima. Siku nzima bila kujua hayupo! Wakarudi, wakamtafuta, siku ya tatu wakampata. Maria akasema, "Mwanangu, mbona umetutenda hivi? Tazama, baba yako na mimi tulikuwa tukikutafuta kwa huzuni." Mama wa Mungu alishapoteza mtoto, alishamwuliza mbona. Hakuna uchungu unaompelekea ambao ataupokea kama habari mpya.

Siku ya Tatu

Asante sana mzee. Kesho naenda ofisi ya parokia. Sikujua kabisa kuhusu Misa kwa aliye hai.

Niliyerudi

Nimesoma uzi wote mara mbili. Mimi nilikuwa nje miaka 11. Acha niwape habari za upande wa pili.

Niliondoka kwa sababu kadhaa, kubwa ni kwamba niliishi maisha ambayo nilijua hayapatani na kupokea Komunyo, na nilichoka kukaa kwenye benchi wengine wakinyanyuka. Kukaa pale, kila anayepita unampisha magoti kisha anakutazama. Jumapili moja sikwenda. Ya pili ikawa rahisi zaidi. Nikajenga hoja baadaye, za sayansi, za historia, za makosa ya mapadre. Hoja zilikuja kulinda uamuzi ambao ulikuwa tayari. Nawaambia hivyo mjue kwa nini mabishano hayakusaidia kitu. Baba yangu alikuwa anazijibu moja moja, vizuri tu, nami nikawa naenda kutafuta nyingine.

Dada yangu mkubwa hakuwahi kubishana nami. Alikuwa ananipigia simu mara moja kwa wiki, tunaongea mambo ya watoto, ya kazi, ya mgongo wake. Mwishoni kabla hajakata anasema neno moja: "Nimekutaja." Basi, anakata. Hasemi amenitaja wapi wala kwa nani, sote tunajua. Miaka 11. Kuna kipindi neno lile liliniudhi. Kuna kipindi nililizoea. Halafu ikaja wiki moja alikuwa mgonjwa hakupiga, na nikajikuta Ijumaa usiku nimekaa kitandani najiuliza, leo ni nani amenitaja?

Sikurudi siku ile. Nilirudi baada ya mwaka mmoja na nusu, na haikuwa kwa ishara wala ndoto. Niliingia kanisani siku ya kazi, mchana, hakuna mtu, nikakaa nyuma. Taa nyekundu ya tabernakulo ilikuwa inawaka. Nikawaza, hii haikuzimwa kipindi chote nilichokuwa nje.

Kuungama kuliniogopesha kuliko yote. Nilimwambia padre, "Sijaungama miaka 11, hata namna ya kuanza nimesahau." Akasema, "Karibu. Nitakuongoza, wewe sema tu unachokumbuka." Sala ya kutubu akaisema kwa vipande, nami nikawa nafuatisha. Kama mna mtu anasitasita, mwambieni hilo: haendi kwenye mtihani. Mengine ya maisha yangu, upande wa ndoa, yalichukua miezi kuwekwa sawa na paroko, lakini hatua ile ya kwanza haikuhitaji niwe nimeshamaliza.

Mama mleta uzi, uache ule ujumbe wa saa sita. Usiache kumtaja.

Nyota ya Bahari (mleta uzi)

"Leo ni nani amenitaja?" Nimelia hapa. Mungu ambariki dada yako.

Ujumbe wa saa sita niliuacha, Jumapili ya nane sasa. Mara ya kwanza mkono ulikuwa unakwenda wenyewe kwenye simu.

Chozi la Alfajiri

Samahani, naingilia. Baba yangu alikufa mwezi wa tatu. Hakuwa amekanyaga kanisani tangu nikiwa mdogo. Nilimwombea kila siku, kila siku jamani. Alifariki ghafla usingizini, bila padre, bila mafuta, bila chochote. Nikisoma habari za Monika na huyo mama wa Ufaransa naona wao walijibiwa. Mimi nilikuwa naongea na nani?

Katekista Mstaafu

Mwanangu, pole sana. Sitakuandikia haraka haraka.

Hakuna anayejua kilichopita kati ya baba yako na Mungu usiku ule. Kanisa linawatangaza watakatifu, lakini halijawahi kutangaza kwa jina mtu yeyote kwamba amepotea. Hata mmoja. Katekisimu namba 1257 inasema Mungu ameufunga wokovu kwenye Ubatizo, lakini yeye mwenyewe hafungwi na sakramenti zake. Zile sala zako za miaka yote alizipokea kabla ya usiku ule, na Mungu hana saa kama sisi.

Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, akiwa na miaka 14, mwaka 1887, alisikia habari za muuaji aliyeitwa Pranzini aliyehukumiwa kifo bila kuonyesha majuto yoyote. Akamwombea, akaomba na Misa itolewe. Pranzini alipanda jukwaani bila kuungama. Dakika ya mwisho kabisa akageuka, akaushika msalaba wa padre, akaubusu. Teresa alijua hilo kwa sababu gazeti liliandika. Kwa baba yako hakukuwa na gazeti mle chumbani.

Na endelea. Usiache sasa. Monika alipokuwa anakufa kule Ostia, mwaka ule ule wa 387 aliobatizwa mwanawe, hakutaka wahangaike na mahali pa kumzika. Aliomba jambo moja, wamkumbuke kwenye altare ya Bwana popote watakapokuwa. Mwanao wa sala alikuwa baba yako. Bado ni wako. Novemba 1 hadi 8 ukitembelea makaburi na kuwaombea marehemu, kwa masharti ya kawaida (kuungama, kupokea Komunyo, kusali kwa nia za Papa), rehema ile unaweza kumtolea yeye. Mwandikishie Misa. Ulikuwa unaongea na Mungu, na bado mnaongea.

Chozi la Alfajiri

Asante, baba. Nitaandikisha Misa.

Jiwe la Hekalu

Chozi, jina la baba siwezi kukuomba hapa hadharani. Nitasema tu "baba yake Chozi" kesho kwenye Misa ya asubuhi. Mungu atajua.

Niliyerudi

Nami.

Mti Kandokando

Nami pia, huku niliko.

Nyota ya Bahari (mleta uzi)

Ndugu zangu, nimekaa na maneno yenu wiki nzima. Kwenye Marko 2 kuna wale watu wanne waliombeba mwenye kupooza, wakatoboa paa. Imeandikwa kwamba Yesu alipoiona imani yao, yaani ya wale wabebaji, ndipo akamwambia mgonjwa dhambi zake zimesamehewa. Yule mgonjwa hatusikii amesema neno hata moja. Nimewaona nyinyi kama wale wa kwenye kona nyingine za mkeka wangu.

Niliandika sala yangu mwenyewe, fupi, kwa sababu zile ndefu zilikuwa zinanirudisha kwenye kushtaki. Anayetaka aichukue:

*Bwana, huyu unayempenda hajisikii kuja. Nenda basi wewe aliko. Mpe leo rafiki mwema, neno jema, usingizi mzuri. Linda ndani yake kile ulichokiweka siku ya ubatizo wake. Nami unilinde nisiwe kizuizi mlangoni. Mama Maria, uliyemtafuta wako siku tatu, mtafute na wangu. Malaika wake mlinzi, usimwache. Amina.*

Kilichonigharimu ni pale penye "nisiwe kizuizi." Nilikaa siku mbili kabla sijathubutu kukiandika.

Katekista Mstaafu

Nimeinakili sala hiyo, mama. Nitawapa wazazi wa wanaojiandaa na Kipaimara.

Siku ya Tatu

Mrejesho mdogo: nia ya Misa nimeandikisha, ni Alhamisi wiki ijayo. Dada sijamwambia. Nimempigia tu tukaongea nusu saa juu ya nywele.

Nyota ya Bahari (mleta uzi)

Mrejesho na kwangu, baada ya miezi mitatu. Mmekuwa mkiniuliza.

Goti langu limekuwa likisumbua, kutembea mpaka kanisani siwezi tena. Mwanangu akaja nyumbani, nikamwuliza kazi yake inaendaje, akaongea muda mrefu, mambo mengi nilikuwa siyajui. Akaniona ninavyosimama kwa shida. Akasema, "Jumapili nitakupeleka." Sikusema zaidi ya asante. Moyo ulikuwa unadunda mpaka nikaogopa atausikia.

Jumapili ya kwanza alinishusha mlangoni akabaki kwenye gari. Nilipotoka nikamkuta amelaza kiti, anasoma kwenye simu. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu aliniuliza njiani, "Misa ya pili siku hizi inaisha saa ngapi?" Nikamjibu saa. Nilitamani kuongeza neno, nikaliuma.

Jana, Jumapili ya sita, nilipotoka gari lilikuwa tupu. Nikageuka huku na huku namtafuta. Alikuwa amesimama nje ya mlango wa pembeni, ule ulio karibu na kwaya, ameegemea ukuta, mikono mfukoni. Mlango ulikuwa wazi. Akasema, "Kwenye gari kulikuwa na joto."

Nikamwambia, "Asante kwa kunisubiri, baba."

Akanishika mkono tukashuka ngazi, taratibu, kwa sababu ya goti.